Nakala ya Pili Ilikuwa kwa Micah

“Wamuyu, Captain Lewis ni nani hapa Bondeni?”

Nekoye, jirani tunayepakana naye ukuta, aliniuliza hivyo hata kabla hajaingia ndani. Leso alikuwa ameifunga vibaya, na mguu mmoja alikuwa amevaa kiatu cha mumewe. Ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na tano Januari 2008, saa tatu kasoro asubuhi, na mji wa Nakuru ulikuwa unafuka moshi tangu jana yake.

“Nani anamuulizia?”

“Kuna kijana amepita laini ya nyuma jua likitoka. Kofia ameshukisha mpaka kwa macho. Ako na karatasi, anagonga mlango moja moja akisoma majina. Captain Lewis, namba arobaini na moja. Tall Sue, namba kumi na saba. Mimi nilichungulia tu kwa dirisha la nyuma, sikutoka. Na saa hii nimetoka hiyo arobaini na moja, kwa akina Lewis, mlango iko na kufuli. Bibi hayuko, watoto hawako.”

Mama aliacha kuchambua maharagwe. Baba alizima redio. Kaka yangu Wanyoike, ambaye alikuwa amekesha siku mbili kwenye kona na vijana wa laini yetu ya nyumba wakilinda, aliinuka kitini. Mimi nilikaa sakafuni.

Nilijua karatasi hiyo ilikotoka. Niliichapa mimi mwenyewe.

Nilikuwa nafanya kazi Maktaba ya Balbir, chumba kirefu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji. Marehemu Balbir Singh aliifungua miaka ya themanini kwa ajili ya mwanawe Tejinder, mtoto aliyekuwa na wazimu wa gemu. Mjomba wake alimtumia kutoka Uingereza majarida ya michezo ya video, yale ya mwanzo mwanzo, yenye kurasa nzima za herufi na namba. Ukizichapa zote kwenye kompyuta ndogo iliyounganishwa na televisheni, unapata gemu. Watoto wa mtaa wetu wa Bondeni walijaa pale kila Jumamosi, mmoja akisoma mistari, mwingine akichapa, wengine wakigombana. Ukikosea alama moja tu gemu haianzi, na wote wanakurukia wewe uliyekosea.

Kila jarida lilibandikwa karatasi ndani ya jalada la nyuma. Ukiazima unaandika jina na namba ya nyumba. Watoto ni watoto, wakajiandika majina ya vita: Captain Lewis, Tall Sue, na kadhalika. Majina hayo hayakuandikwa mahali pengine popote duniani.

Mwaka wa 2007 mjane wa Balbir, Mama Ritu, aliamua majarida yote yapigwe picha na kuingizwa kwenye kompyuta kabla wadudu hawajayamaliza. Akamwajiri Micah Kiprotich, Mkalenjin wa Keringet, fundi wa kompyuta, mtu wa maneno machache na mikono mitulivu. Micah alitoa pini zilizoshika kutu, akalaza ukurasa kwenye skana, akaweka karatasi nyeusi nyuma yake ili maandishi ya upande wa pili yasionekane. Mimi nilitaja namba ya ukurasa, yeye akaihifadhi. Mama Ritu alikuwa na sheria mbili na hakuna aliyezipinga. Kwanza, kila kitu kipigwe picha, hata doa la chai, hata ile karatasi ya kuazima. Pili, kila CD iwe na nakala mbili, na hizo mbili zisilale jengo moja, moto ukitokea tusipoteze zote. Nakala ya kwanza ilikaa maktaba. Ya pili ilikaa kwa Micah.

Na mimi kwa kimbelembele changu nikaongeza yangu. Nilikusanya majina ya watoto wote waliowahi kuazima, nikayapanga laini kwa laini, nyumba kwa nyumba, nikaitia orodha hiyo kwenye CD. Niliona ninahifadhi historia. Sikufikiria kwamba nyumba za kanjo, yaani za baraza la mji, haziachwi. Baba akistaafu mwana anabaki, mwana akioa analeta bibi humo humo. Kwa hiyo orodha ya mwaka wa themanini na tisa ilikuwa na watu wale wale nyuma ya milango ile ile, na Januari ile jina lako la pili lilitosha kukuua. Vijana wa upande wetu Wakikuyu walikuwa wakichoma, na vijana wa upande wao Wakalenjin walikuwa wakichoma.

Nilimpenda Micah katikati ya kurasa hizo. Desemba alikuja nyumbani kuwasalimu wazazi, na baba akamwambia usoni kwamba binti yake haolewi Keringet. Tukaendelea kupendana kwa meseji na kwa namba za kurasa.

“Hiyo orodha ni ya maktaba,” nilisema pale sakafuni.

Wanyoike aligeuka. “Nani ako nayo?”

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ngoja nipige simu kwanza. Nilikuwa nimeogopa mpaka jina likatoka lenyewe.

“Micah ndiye huweka nakala ya pili.”

“Yule wa Keringet?”

“Ndiyo.”

Kaka yangu alivaa jaketi, akachukua rungu, akatoka. Nilimsikia akipiga mluzi, kisha nikasikia viatu vya watu wengi vikikimbia kuelekea barabarani. Baba alinitazama akasema si aliniambia. Mama akamwomba anyamaze.

Nilimpigia Micah. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, nikapiga mara sita, sauti ya yule mwanamke ikawa inaniambia maneno yale yale. Nikaanza kuona mambo ambayo sijawahi kuyaona: Micah amesimama na watu wake, anawasomea orodha yangu chini ya mwanga wa tochi. Mtu niliyemjua hata anavyokunja kitambaa cha skana, nikamwona hivyo.

Saa tatu na dakika ishirini simu ikalia. Siku hizo meseji zilifika zilipotaka. Hii ilikuwa imetumwa saa kumi na mbili kasoro alfajiri.

“Wamu toka hapo na wazazi SAA HII. Chepngeno amesikia watu wakipanga sokoni, leo wanaingia laini za chini za Bondeni. Kuja maktaba kwa Mama Ritu, nyuma iko wazi. Naenda kuambia watu wa list yako mmoja mmoja. Kwenu siwezi gonga, boys wa Wanyoike wako kwa kona wataniua. Simu inazima. Nakupenda sana.”

Chepngeno ni dada yake, ana kibanda cha viazi Keringet. Nilisoma mara ya pili. Lewis na familia yake hawakuchukuliwa na mtu, walihama. Aliyewahamisha ni mtu niliyekuwa nimetoka kumkabidhi kwa watu wenye rungu.

Nilimpa baba simu asome. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza alisema neno moja tu kwa mama, “Viatu,” nao wakaanza kufunga vitu. Nekoye alikimbia kwake kuwaamsha watoto. Mimi sikuwangoja.

Karibu na barabara kubwa matairi yalikuwa yakiwaka na vijana wamelaza magogo. Mmoja, hata ndevu hazijamjaa, alinyoosha mkono.

“Kipande, sister.”

Alisoma jina langu kwenye kitambulisho, akaniambia niongee kidogo lugha ya nyumbani. Niliongea. Niliogopa ataniona mwongo.

“Ni wetu, pita. Lakini uko na haraka ya wapi?”

“Namtafuta kakangu Wanyoike.”

“Wanyoike amepita hapa sai. Kuna Mkale wa Keringet ako na list ya watu wa kuuawa, wameenda kumtoa kwa ploti yake.”

List ya watu wa kuuawa. Mimi nilikuwa nimesema orodha ya maktaba. Ndani ya nusu saa maneno yangu yalikuwa yamekua na kuwa hayo, na hakuna mtu ambaye angeyarudisha. Lakini ploti alikopanga Micah ilikuwa upande mwingine kabisa wa mji, na Micah hakuwa huko. Nilikuwa na dakika chache. Nilivua viatu nikakimbia peku kupitia nyuma ya maduka, kila kona nikidhani ndiyo nitamkuta amelala chini.

Mlango wa nyuma wa maktaba ulikuwa umefungwa. Nilibisha. Nilibisha tena nikiita jina lake.

“Uko na nani?” Ilikuwa sauti ya Micah.

“Niko peke yangu.”

“Nani amekufuata?”

“Hakuna. Micah, fungua.”

Alikawia. Nilisikia pumzi yake nyuma ya mbao. Kisha komeo likavutwa, mlango ukafunguka kidogo, akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu, ndipo akanipisha.

Ndani mlikuwa na watu zaidi ya thelathini. Lewis alikuwa ameegemea rafu na mtoto begani. Mama yake Sue alikuwa amelala juu ya magazeti. Walikuwamo Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu, na familia mbili za Wakalenjin waliofukuzwa na majirani zao. Watoto walikuwa wamekaa juu ya maboksi ya majarida, wamefungua moja, wanatazama picha za vyombo vya angani, na Mama Ritu, mwanamke wa miaka sabini, alikuwa akikata mkate akiwaonya wasikunje kurasa.

Nilimvuta Micah pembeni karibu na skana.

“Ondoka hapa. Wanyoike anakutafuta na watu.”

“Mimi? Kwa nini mimi?”

“Kwa sababu ya orodha.”

“Nani amemwambia niko na orodha?”

Hakuna aliyenilazimisha kujibu. Ningesema Nekoye, ningesema watu, naye angeniamini, kwa sababu alikuwa mtu wa kuniamini.

“Ni mimi.”

“Si nilikutumia meseji?”

“Imefika baadaye.”

“Baada ya nini?”

“Baada ya mimi kusema.”

“Ungeniuliza tu, Wamuyu.”

“Nilipiga, ulikuwa mteja.”

“Ungengoja.”

Mlango wa mbele wa chuma ukapigwa kwa rungu, kote ndani watu wakalala chini. Mtoto mmoja alianza kulia na mamake akamziba mdomo kwa kiganja. Nilisikia sauti ya kaka yangu ikisema kwake hayupo, kwa hiyo yuko humu kazini, mtoeni huyo mtu au tunachoma. Sijawahi kuogopa sauti ya mtu wa tumbo moja na mimi kama nilivyoiogopa hiyo.

Mama Ritu aliweka kisu cha mkate chini, akajifuta mikono, akaenda akafungua kidirisha cha mlango.

“Hapa ni maktaba,” alisema. “Nyinyi wengi mmesoma hapa. Kama unataka kuingia, hiyo mti inabaki nje.”

“Mama, hatuna shida na wewe. Tunataka huyo wa list.”

Lewis alimpa bibi yake mtoto, akaenda kusimama kando ya Mama Ritu.

“Wanyoike, ni mimi Lewis. Niko hapa na watoto wangu. Huyu jamaa ndiye amenitoa kwa nyumba. Kama ni kumpiga, utaanza na mimi.”

Nje pakawa na minong’ono. Mama Ritu alifungua mlango, Wanyoike akaingia peke yake, mikono mitupu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akazunguka akitazama nyuso. Nilimwambia mbele ya wote kwamba nilikosea, kwamba orodha niliichapa mimi, na kwamba kama kuna mtu wa kulaumiwa basi aanze na dada yake.

“Ilete niione,” alimwambia Micah.

Micah alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, imelowa jasho. Kando ya kila nyumba aliyofunguliwa alikuwa ameweka alama ya tiki. Wanyoike alisoma akishuka na kidole. Kidole kikasimama. Ilikuwa namba ishirini na tatu, nyumba yetu, na jina lililoandikwa hapo na mtoto wa miaka tisa: Rocket Wanyoike. Kando yake Micah alikuwa ameandika kwa kalamu, “SMS Wamuyu. Wa kwanza.”

Kaka yangu alikaa chini pale pale, karatasi mkononi. Baadaye alitoka akawaambia wenzake waende nyumbani wakatoe mama zao. Hakusema samahani, wala Micah hakuingoja.

Wazazi wangu na Nekoye walifika saa nne na nusu wakiwa wamebeba blanketi na jiko. Saa saba mchana laini mbili za chini ziliwaka. Nyumba ya Lewis iliungua hadi msingi. Katika nyumba zote zenye tiki hakukuwa na mtu.

Jumapili polisi walisindikiza lori la waliokuwa wakirudi upande wa Keringet. Micah alipanda. Nilisimama chini karibu na gurudumu nikitaka aseme neno lolote, hata tusi. Alinisalimia kwa kichwa kama unavyomsalimia mtu wa ofisini, lori likaondoka.

Kila Jumapili nilimtumia meseji. “Nisamehe. Sina sababu ya kukupa.” Hakujibu Februari, na hakujibu hata siku wakubwa walipotia sahihi mkataba wa amani Nairobi na watu wakatoka nje kushangilia. Nilijiambia ni haki yake. Usiku nilikuwa nikiota nabisha mlango wa maktaba na hakuna anayefungua.

Aprili Mama Ritu alimpigia simu. Alimwambia kazi aliyoianza haijaisha, majarida sitini yamebaki, na wadudu hawajui kama kuna amani au vita. Micah akarudi.

Siku mbili tulifanya kazi pamoja bila kuzungumza chochote isipokuwa namba. “Kumi na nane.” “Sawa.” “Kumi na tisa.” “Sawa.” Siku ya tatu tulifika jalada la nyuma lenye karatasi ya kuazima, na Micah akasimamisha mkono juu ya kioo.

“Hii sipigi picha.”

Mama Ritu alisema kila kitu kinapigwa. Micah akamwambia kwa heshima kwamba yeye ndiye aliyetembea na majina hayo mfukoni, na anajua yana uzito gani. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Mama Ritu alikubali kwamba karatasi hizo zipigwe picha lakini zikae kwenye diski yao peke yao, aifungie kwenye sefu yake, isifunguliwe hadi watoto wale wote wawe wazee. Orodha yangu haikuwa na mjadala. Niliifuta mwenyewe kwenye kompyuta, na zile CD mbili, ya maktaba na ile aliyoirudisha Micah, nikazivunja kwa mikono, tukarekodi nyingine zisizo na majina.

Mama Ritu alipoenda dukani mbele, Micah aliongea huku akitazama skana.

“Nikuulize kitu. Uliamini kweli?”

“Niliamini. Dakika ishirini hivi.”

“Kwamba naweza kuleta watu wakuchome?”

“Nilikuona kabisa nikifumba macho. Sitakudanganya.”

Nikadhani ataenda zake. Badala yake alivuta kiti, akakaa tukitazamana.

“Siku ile ulibisha mlango wa nyuma. Unakumbuka nilikawia?”

“Nakumbuka.”

“Nilikuwa nimeshika nondo ya chuma. Toka asubuhi ulikuwa hujatokea. Nikajua umeleta Wanyoike. Nikajiambia, akiingia wa kwanza ni yeye, nampiga yeye.” Alikikunja kitambaa cha skana. “Sauti yako nilikuwa naisikia vizuri, Wamu. Na bado sikuiweka chini. Nilifungua mlango nikiwa nayo nyuma ya mgongo.”

Nilimtazama mikono, ile ile niliyoipenda.

“Miezi mitatu nimekunyamazia kama wewe ndio mbaya,” alisema. “Hiyo ndiyo ilinifanya nisijibu. Kila ukiomba msamaha naona hiyo nondo.”

Nililia, naye akalia, watu wazima wawili juu ya majarida ya watoto. Kisha nilifunga skana nikamwambia twende kwa baba sasa hivi, kabla sijaogopa tena. Akauliza kama baba anajua nilichofanya. Nilimwambia nilimweleza yote Februari, bila kujificha nyuma ya mtu.

Tulitembea hadi Bondeni mchana kweupe. Mbele ya namba ishirini na tatu alisita. Aliinua mkono akabisha yeye mwenyewe.

“Nani?” baba aliuliza kutoka ndani. Pazia lilikuwa limecheza. Alikuwa ameshatuona.

“Ni Micah Kiprotich,” alijibu kwa sauti ya kusikika laini nzima. “Wa Keringet.”

Komeo la juu likavutwa, kisha la chini. Baba alisimama mlangoni, amevaa kofia yake ya kanisani ingawa ilikuwa Jumatano. Alimtazama Micah, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga.

“Huyu mtoto wangu alikuogopa kwa sababu mimi ndiye nilimfundisha kukuogopa,” alisema. “Ingia, kijana wangu.”

Micah alinishika mkono, tukaingia.